Ukishakosea Hatua ya Kumi

Wasikilizaji wa Bagamoyo mjini, Makurunge, Mkange, Saadani, na ninyi wa ng'ambo ya Mto Wami mnaotupata redio ikikwaruza, mazungumzo ya leo ni ya mtihani wa mikanda. Nitasema zaidi juu ya karate, lakini watu wa judo na taekwondo wasizime redio, maana jasho ni lile lile.

Mwanafunzi akianguka mtihani wa mkanda, ni mara chache huwa hajui. Anajua. Jana yake jioni kaifanya kata yake, ule mfululizo wa hatua za kukariri, uani kwao, kuku wanampisha, mdogo wake anamwigiza kwa nyuma, na hakukosea hata mguu. Leo kaitwa jina, kasimama mbele ya meza yenye watu watatu na karatasi zao, na mwili ule ule unamgomea. Goti linacheza. Kinywa kimekauka. Mwalimu anatamka jina la kata. Sauti anaisikia, maana haimfikii.

Hapo ndipo watu humwambia, "Tulia bwana, usipaniki." Sijapata kumwona mtu aliyetulia kwa kuambiwa atulie. Kwa hiyo leo nataka tuulizane utulivu huo unatengenezwa na nini, na unatengenezwa lini. Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye shughuli zake aondoke na kitu: unatengenezwa wiki nyingi kabla ya mtihani, na dalili yake ni kile mtu anachofanya sekunde mbili baada ya kukosea.

Niwachukue mpaka ndani ya kata yenyewe. Kwenye karate ya mtindo wa Shotokan, kata ambayo wengi huanza nayo huitwa Heian Shodan. Ina hatua 21. Unaanza kwa kugeuka kushoto na kukinga chini, unapiga ngumi, unarudi kulia, na kadhalika, mpaka unafika kwenye kinga ya juu mara tatu mfululizo ukisonga mbele. Ya tatu, ambayo ni hatua ya 9, unaipiga na ukelele wa kiai. Halafu inakuja hatua ya 10. Hapo unatakiwa kuzunguka robo tatu ya duara, mguu wa kushoto ukipita nyuma ya mgongo wako, ukatokee upande wa kulia. Na hapo ndipo watoto hupotea. Umetoka kupiga kelele kwa nguvu zako zote, mapafu hayana kitu, mbele yako kuna meza na macho ya watu, na mwili unakuambia geukia upande wa karibu. Anayegeukia huko anajikuta amempa mgongo mwenzake, au wametazamana uso kwa uso mfano wa watu wanaotaka kusalimiana.

Nimeketi kwenye mitihani hii kiasi cha kujua pa kutazama. Kwenye mmoja, sakafu ya saruji ilikuwa na mchanga mchanga ulioingia na nyayo za watu, na watoto wanne wa mkanda mweupe waliitwa pamoja. Wawili walikosea hatua ya kumi. Wa kwanza, mvulana mmoja mwenye teke zuri kupita wote siku ile, alisimama, akaangusha mabega, akamtazama mwalimu, kisha akacheka kicheko kile cha aibu. Kuanzia hapo hata hatua alizokuwa akizijua zilimtoka. Wa pili alikuwa binti. Naye aligeukia kusikokuwa kwake. Alibaki pale pale na mkono wake wa kinga ukiwa chini, akatoa pumzi, niliona tumbo linaingia, akageuza nyonga na kuupeleka mguu mahali pake, akaendelea na hatua ya 11 kwa mwendo ule ule wa mwanzo. Hakuharakisha ili awafikie wenzake, akamaliza wa mwisho akiwa peke yake. Mkanda wa njano alipewa yeye.

Baadhi ya wazazi walinung'unika. Mbona wote wawili wamekosea? Wamekosea ndiyo, lakini mtihani uliwauliza maswali mawili na wao walidhani limeulizwa moja. La kwanza ni je, unaijua kata? La pili ni je, ukipotea utafanya nini? Mtu anayejifunza kujihami hatakutana barabarani na mtu atakayemshambulia kwa mpangilio alioukariri. Atakosea. Mwalimu mwenye akili anatazama swali la pili kwa makini zaidi, na mimi naona yuko sawa.

Sasa tuuangalie mwili. Ukiingia kwenye hatari, au kitu ambacho mwili unakidhania ni hatari, homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa, vidole vinapoa, tumbo linakataa chakula, jicho linatazama mbele tu na pembeni halioni. Yote hayo ni msaada. Mwili unakuandaa ukimbie au upigane. Taabu ni kwamba mtihani haukutaki ukimbie wala upigane ovyo. Unakutaka ukumbuke robo tatu ya duara.

Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa panya. Waliwapa kazi ya kuchagua njia, na panya akikosea anarushwa na umeme kidogo. Kazi ilipokuwa rahisi, umeme ulivyozidi ndivyo panya walivyojifunza upesi. Ilipokuwa ngumu, umeme mkali uliwavuruga. Waliojifunza vizuri ni wale wa umeme wa wastani. Binadamu si panya, na hayo majaribio yamebishaniwa miaka zaidi ya mia moja, lakini mwalimu yeyote wa karate anaijua habari hiyo bila maabara. Teke la nguvu kwenye ngao hupigwa vizuri zaidi na mtu aliyepandwa na mori. Kata ngeni, yenye kuzunguka na kubadilisha mkono, hiyo mori inaiharibu.

Kwa hiyo hatutafuti mtu asiyeogopa. Na hapa watu wa Saadani wanaweza kutufundisha bila kuvaa mkanda wowote. Hifadhi ya Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndiyo inayofika mpaka mchangani baharini, na kijiji kiko humo humo na wanyama wake. Mwenyeji akikutana na tembo njiani alfajiri, anaogopa. Asikudanganye mtu. Ila mwili wake una kazi ya kufanya huku ukiogopa: anasimama, anatafuta upepo unatoka wapi, anarudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo, anatafuta pa kupitia. Mgeni kutoka mjini ana woga ule ule, lakini hana la kufanya nao, basi anakimbia na kupiga kelele. Tofauti yao haiko kwenye moyo; iko kwenye alichofundishwa mmoja wao na wazee.

Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa utafiti ambao nimeupenda. Aliwapa watu kazi za kutia kiwewe: kuimba mbele ya wengine, kutoa hotuba, kufanya hesabu kwa muda mfupi. Baadhi walijiambia, "nimetulia." Wengine walijiambia, "nina hamu, nimechangamka." Waliojiambia wana hamu walifanya vizuri zaidi. Sababu yake haina uchawi. Moyo unaokwenda mbio hauwezi kudanganywa kwamba umelala, lakini unaweza kukubali kwamba unakwenda mbio kwa kuwa kuna jambo zuri mbele. Kwa hiyo ewe mzazi, mtoto akikuambia asubuhi ya mtihani kwamba tumbo linamsokota, usimwambie si kitu. Mwambie, ehee, mwili umeshaanza kujiandaa.

Mwili unao pia mlango mmoja ambao mtu anaweza kuushika kwa mkono wake mwenyewe, nao ni pumzi. Tufanye jambo sasa hivi, wewe unayesikiliza, kama huendeshi gari. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, utafute mshipa. Vuta pumzi. Sasa itoe polepole sana, mpaka iishe. Wengi wenu, hasa vijana, mtasikia mapigo yanachelewa kidogo wakati pumzi inatoka, na kurudi haraka inapoingia. Moyo ndivyo ulivyo. Anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta anaushika moyo wake breki.

Watu wa Okinawa, Japani, waliijua njia hiyo siku nyingi. Chojun Miyagi, aliyezaliwa Naha mwaka 1888 na kufariki mwaka 1953, ndiye aliyeanzisha mtindo wa Goju-ryu, na kata iliyo moyoni mwa mtindo huo inaitwa Sanchin. Kwa kuitazama haivutii. Mtu yuko kifua wazi, anapiga hatua chache, anapiga ngumi polepole, na pumzi yake unaisikia mpaka ukutani. Halafu mwalimu anapita nyuma yake anamgonga mabega kwa viganja, anamgonga mapaja, anamsukuma kiunoni. Anachokitafuta ni kama pumzi ya mwanafunzi itakatika anapoguswa. Ikikatika, kata imeharibika hata mikono ikiwa mahali pake. Ukitaka kujua kama dojo lako, yaani ukumbi wako wa mazoezi, linafundisha utulivu kweli, uliza wanagongwa lini, na mwalimu anasikiliza nini anapowagonga.

Hapa nitasema jambo litakalowaudhi wazee wangu, wanisamehe. Pwani yetu ina mtihani wake wa ujasiri wa siku nyingi, nao ni jando. Kijana aliambiwa asilie, asikunje uso, maana ukoo mzima unamtazama. Sina ugomvi na jando. Lakini yale mafunzo ya kukaza uso tumeyahamishia kwenye kila kitu, na kwenye dojo yanatudhuru. Mtoto anayekaza uso hukaza na shingo. Akikaza shingo anabana pumzi. Akibana pumzi kwenye kata ya hatua 21, ikifika ya 12 hana hewa, na kichwa kisicho na hewa hakikumbuki kushoto wala kulia. Baba yake pembeni anasema, "Jikaze mwanangu!" Kwa nia njema kabisa. Ilhali mtoto kukaza anako tele, anachotakiwa ni kuachia.

Na kama tunataka mababu wa kujivunia, watu wa Saadani wanaye Bwana Heri bin Juma, mtawala wao wa zamani. Mwaka 1889 meli za Wajerumani waliokuwa chini ya kamanda wao Wissmann ziliupiga mizinga mji wake kutoka baharini. Mji ukaanguka. Alirudi bara, akajenga boma lingine, akapigana tena, na mwaka 1890, baada ya hesabu zake, akafanya suluhu. Tukimsimulia huwa tunasimulia vita. Mimi navutiwa na ile asubuhi ya baada ya mizinga, pale alipokusanya watu wake na kuamua wanakwenda wapi. Haya, turudi kwenye mikanda.

Nimesema utulivu unatengenezwa kabla. Vipi? Kwa kuyavuruga mazoezi kwa makusudi. Madojo mengi yanafanya kata kila siku yakitazama ukuta ule ule wenye picha na bendera. Mtoto hajui kata, anajua ukuta. Anajua kwamba baada ya kiai anageukia dirishani. Siku ya mtihani ukumbi ni mwingine, dirisha liko upande mwingine, na kata imehama nalo. Mwalimu ampange mwanafunzi leo atazame mlango, kesho atazame kona. Amwanzishe kata katikati, hatua ya 14, asimwambie mapema. Amwambie afumbe macho. Ampeleke pwani maji yakiwa yamekupwa, ule mchanga mgumu wenye mawimbi madogo madogo unaofundisha miguu kuliko sakafu yoyote, kisha siku nyingine ampeleke kwenye ule mwepesi unaomeza kisigino. Afungulie singeli kwa spika kubwa, mwanafunzi afanye kata kwa mwendo wake mwenyewe na asifuate ngoma. Katikati ya mazoezi ya kawaida, bila taarifa, amwite mtu mmoja mbele, wenzake wakae chini wamtazame, na mwalimu akae mezani na karatasi asiandike kitu. Hiyo karatasi peke yake inatosha kumtoa mtu jasho.

Na jambo ambalo silioni likifanywa vya kutosha: wafundishwe kukosea. Mwalimu aseme, leo katika kata hii utakosea hatua moja kwa makusudi, nataka nione unavyorudi. Unasimama hapo ulipo, unatoa pumzi moja, unarekebisha mguu, unaendelea. Usiombe radhi, usicheke, wala usimtazame jirani, maana jirani naye huenda amepotea. Mtoto akilifanya hilo mara nyingi, kosa la siku ya mtihani litamkuta ana desturi ya kulipokea.

Wakubwa wanaofika mbali wanayo desturi hiyo. Agosti 2016, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast aliingia fainali ya taekwondo ya kilo 80 dhidi ya Lutalo Muhammad wa Uingereza. Sekunde zikawa zinayoyoma, Mwingereza anaongoza 6 kwa 4. Sekunde ya mwisho kabisa Cissé akazunguka na kumpiga teke la kichwani, pointi 4, mchezo ukaisha 8 kwa 6. Ikawa dhahabu ya kwanza ya nchi yake kwenye Olimpiki. Watu husema bahati. Teke la kuzunguka linahitaji umpe adui mgongo kwa kitambo kidogo. Mtu aliyeshikwa na kiwewe, anayeona saa inaisha, hurusha mateke ya mbele mfululizo. Kumpa mpinzani mgongo ukiwa nyuma kwa pointi na saa imekwisha, hilo ni jambo la mtu ambaye kichwa chake bado kiko mahali pake.

Sisi nasi tulikuwa na Andrew Thomas Mlugu kwenye judo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Alikutana na Mfaransa Joan-Benjamin Gaba, jukwaani wamejaa Wafaransa. Alishindwa. Mashabiki wetu wengi wakafunga simu zao hapo hapo. Mimi ningependa kila dojo la pwani liwaonyeshe vijana pambano lile, na waambiwe wasikilize sauti ya ukumbi kwanza kabla ya kutazama mchezo. Wajiulize wangefanya nini ndani ya kelele hiyo.

Sasa mkanda wenyewe. Tunautetemekea kana kwamba ulishuka na mitume. Jigoro Kano, mwalimu aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, ndiye aliyeleta daraja na mkanda mweusi katika miaka iliyofuata. Karate iliazima kutoka kwake: Gichin Funakoshi, naye mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alitoa daraja za kwanza za dan za karate mwaka 1924. Wingi huu wa rangi, njano, chungwa, kijani, buluu na kadhalika, ulienea Ulaya kwanza, kwenye judo, kabla ya vita vya pili vya dunia, kwa sababu walimu waliona wanafunzi wa huko wanakata tamaa njia ikiwa ndefu bila alama za njiani. Rangi zililetwa ziwatie watu moyo. Sisi tumezigeuza zikawa za kuwavunja.

Waliotuletea karate huku hawakuanza na rangi. Miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa mji wa watu weusi wa dunia nzima. Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika pale Chuo Kikuu. Wakati huo Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alikuwa akifundisha Goju-ryu kwenye shule ya Zanaki, na wazee wengi wa karate wa nchi hii wanauhesabu ukoo wao kuanzia hapo. Kwenye sinema Bruce Lee alikuwa akijaza kumbi. Vijana walitoka kwenye sinema wakitaka kuruka. Dojoni wakaambiwa wasimame na kuhema. Unguja nako, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amekuwa akifundisha judo, na kitu cha kwanza anachojifunza mwanafunzi wa judo mahali popote ni kuanguka. Siku nzima kuanguka tu, na kupiga mkeka kwa kiganja. Judo imeanzia pale ambapo karate nyingi hazifiki mpaka mtu apate mkanda wa kahawia: ukubali kwanza kwamba utakwenda chini.

Niseme na watu wazima, maana nusu ya presha ya mtihani tunaipika sisi.

Mtihani umetangazwa saa 3 asubuhi. Watoto wa Saadani wameamka alfajiri wakaja kwa njia ya Makurunge, wameketi kwenye ubao na gi, sare zao nyeupe za mazoezi, hawataki kuchafuka. Mtahini anatoka Dar es Salaam. Amekwama kwenye foleni Tegeta, kisha Bunju. Saa 6 bado. Jua la mchana la Bagamoyo mnalijua. Mwenye chapati yake ameshaila, asiyenayo anameza mate. Anapofika mtahini, mtoto ameshafanya mtihani huo kichwani mara kumi na ameanguka mara zote kumi. Kusubiri kunakula utulivu kuliko pambano lolote. Kama gari limechelewa, mwalimu awasimamishe watoto, wacheze kidogo, wanywe maji, wapewe saa mpya, wasikalishwe tu.

Pili, simu. Baba kasimama ndani ya eneo la kata na simu yake, anamwita mtoto jina atazame kamera. Katikati ya hatua ya kumi! Mama naye kutoka nyuma, "Haya mwanangu, waonyeshe!" Piga picha mwisho, mkanda ukishafungwa.

Tatu, ada. Mtoto anajua fedha zilipotoka. Anajua kwamba ni fedha ya samaki ya juma zima, au ni kibarua cha kwenye mashamba ya chumvi. Ukimkumbusha asubuhi ile kwamba umelipa, umemfungia jiwe kiunoni juu ya mkanda. Mkumbushe siku nyingine, akizembea mazoezi.

Wapo pia wazazi wanaouliza juu ya kule kuinama wakati wa kusalimiana dojoni, kwamba mtoto wa Kiislamu anamwinamia nani. Swali halali. Mwalimu anatakiwa kulijibu miezi kabla, ana kwa ana, na kama mtoto atasalimia kwa kichwa tu, basi mtahini ajulishwe. Kisichofaa ni mtoto kulibeba swali hilo peke yake mpaka mezani, akisita, na kusita kwake kukaandikwa kwenye karatasi kuwa ni utovu wa adabu. Na ratiba isiangukie Ramadhani, hilo halihitaji mjadala kwenye pwani hii.

Upande wa pili wa uchungu huu ni mikanda inayotolewa kama zawadi ya kuhudhuria. Yapo madojo, sitayataja, ambako hakuna aliyewahi kuanguka. Mzazi akilipa, mkanda unapanda. Huko presha haipo kabisa, na watoto wanafurahi mpaka siku watakapokutana na wa dojo lingine. Sipendi ukatili mezani, lakini mtihani usioweza kumwangusha mtu haumfundishi kusimama mbele ya chochote. Umeme wa wastani, walisema wale wa panya.

Halafu matokeo. Desturi iliyozoeleka ni kupanga watu mstari, kusoma majina ya waliopita, wanafungwa mikanda, makofi. Waliobaki wanajijua kwa kutoitwa. Yule mvulana mwenye teke zuri aliondoka hivyo hivyo, hakuna aliyemwambia kitu. Yeye alidhani ameangushwa na hatua ya kumi. Kama angeambiwa palepale, pembeni, na mtu mmoja, kwamba kosa lake lilikuwa dogo na kilichomwangusha ni kile kicheko, angerudi mazoezini Jumatatu akijua cha kufanyia kazi. Mtahini ana karatasi yenye maandishi. Amsomee kila aliyeanguka mstari mmoja tu wa karatasi hiyo, na amwambie mtihani unaofuata ni lini. Na watoto wanaokwenda mbali, wa Mkange na Saadani, waitwe kwanza, wasikalishwe mpaka magharibi wakisubiri hotuba za wageni rasmi.